Mita ndogo sita, mita mama moja: umeme unaopotea katikati nani alipe? (Bukavu)

#1 Mpangaji_Muhungu
Salamu wana jukwaa. Niko hapa Muhungu, parseli (kiwanja kimoja) ya nyumba sita, ya mbele anakaa mwenye nyumba mwenyewe. Mwaka jana tulichoka na magomvi ya kugawa bili kwa vichwa, tukachanga, kila nyumba ikawekewa mita yake ndogo. Tukadhani yameisha.

Bili ya mwezi huu inasema mita mama, ile kubwa ya parseli nzima, imekula kilowati-saa 412. Tumejumlisha mita ndogo zote sita, ya mwenye nyumba ikiwemo, tumepata 318. Zinabaki 94 zisizo na mwenyewe. Mzee anasema tuzigawe kwa sita, eti umeme wa parseli ni wa parseli. Mimi naishi peke yangu, taa tatu, redio na simu, mita yangu imesoma 19. Nikibebeshwa fungu langu la hizo 94 nalipa karibu mara mbili ya nilichotumia. Zimeenda wapi? Na nani anapaswa kuzilipa?

#2 Kashindi_Essence
Zimeenda kwenye friji ya mwenye nyumba. Swali lingine.

#3 FundiWaya
Kashindi acha haraka. Ndugu #1, kabla ya kumshika mtu shati nijibu haya: mita ndogo zimefungwa wapi, pale pale penye mita mama au mlangoni kwa kila nyumba? Ni kashpawa (mita ya kununua yuniti kwanza) au bili ya kila mwezi? Kuna pampu ya maji? Taa za nje zimeunganishwa kwa nani? Na mlisoma mita zenu siku gani, bili ikaja siku gani?

#4 MamaNeema_Kadutu
Nyinyi wa Muhungu mnalia na mita, sisi huku Kadutu tunagawa kwa taa! Mama mwenye nyumba anapita na daftari: taa moja bei hii, televisheni bei ile, pasi bei yake, friji usiseme. Mwezi uliopita alinikuta nachaji simu ya mdogo wangu aliyekuja kunisalimia, akaandika "simu 2". Nikamuuliza, mama, na mgeni akinywa maji utaandika? Akasema maji ni daftari lingine. Na kweli analo, lina jalada la kijani.

#5 Mpangaji_Muhungu
Asante Fundi. Mita ndogo ziko mlangoni kwa kila nyumba. Mita mama iko ukutani kwa mzee, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Si kashpawa, ni bili. Pampu hatuna, bomba likikauka tunanunua kwa bido (madumu) kama kila mtu. Taa ya nje ni moja, ya getini, imetoka moja kwa moja kwenye mita mama. Sisi tulisoma Jumamosi, bili ilikuja Jumanne.

#6 GomaLava
Hapa Goma kashpawa ndiyo imeenea, lakini msidhani magomvi yamekwisha. Sisi tuko nyumba tatu kwenye kashpawa moja. Yuniti zikibaki kidogo kila mtu anajifanya hajasikia mita ikilia. Mnakaa gizani watu watatu, kila mmoja na pesa mfukoni, mnangojeana. Kuna jirani yangu huwa anasafiri kwenda Sake kila yuniti zinapokaribia sifuri. Nikinunua tu, usiku anarudi.

#7 Mukubwa_Hesabu
Tufanye hesabu tuache maneno. Kilowati-saa 94 kwa mwezi wa masaa 720 ni kama wati 130 zinazovutwa bila kupumzika. Balbu mbili za zamani za wati 60 zikiwaka usiku na mchana, au friji chakavu. Taa ya geti peke yake haifiki huko, hasa kama ni ya LED.

#8 Nyawera_Kijana
Usiku na mchana? Mukubwa uko Bukavu hii yetu au unaandikia Brussels? Kwetu umeme ukikaa nusu ya masaa hayo tunashukuru.

#9 Mukubwa_Hesabu
Haya, nusu. Masaa 360, inakuwa wati 260. Umezidi kumchongea mtu wa friji, maana sasa hata friji moja haitoshi.

#10 Prof_wa_Mtaa
Wakuu, mnasahau umeme wa kurudi. Mashine zenye mota, friji, feni, hata LED za bei rahisi, zinavuta umeme usiofanya kazi, na mita mama inauhesabu lakini mita ndogo za kichina hazihesabu. Hapo unapoteza asilimia 20 kirahisi. Nimeliona kiwandani.

#11 FundiWaya
Prof, kiwandani ni sawa, kule wana mita zinazopima vyote viwili na wanatozwa. Mita ya nyumbani, kubwa kwa ndogo, inahesabu umeme unaofanya kazi tu. Usimpeleke ndugu yetu porini.

Jambo la kwanza ni waya. Mita ndogo ziko mlangoni, kwa hiyo waya wote wa kutoka kwenye mita mama mpaka mlangoni unaliwa na mita mama peke yake. Sasa chukua nyumba iliyo mbali, mita 30, waya wa shaba wa milimita mraba 2.5. Kwenda na kurudi ni mita 60, ukinzani kama om 0.42. Ukivuta ampia 10 unapoteza wati 42 kati ya 2200. Hiyo haifiki asilimia 2. Na nani anavuta ampia 10 muda wote? Waya mzima hauwezi kumeza 94 kati ya 412. Lakini maungo mabovu, yale ya kupindapinda waya na kufunga kwa mfuko wa plastiki, hayo yanachemka na yanakula. Shika ukuta penye kiungo wakati watu wanapiga pasi. Ukikuta pamoto, usilale.

La pili watu hawalijui. Mita ndogo ya ampia 5 kwa kawaida haianzi kuzunguka mpaka ivutwe kama miliampia 20, karibu wati 4 na kitu. Nyumba yenye taa moja ya LED ya wati 3 usiku kucha, au chaja iliyobaki ukutani, haihesabiwi humo. Mita mama inayaona kwa sababu nyumba sita zimejumlishwa. Si nyingi, lakini ipo.

#12 Kashindi_Essence
Kwa hiyo Fundi umetupa maungo na chaja. Friji ya mzee bado iko palepale.

#13 Mwenye_Parseli
Naomba na mimi niseme, maana humu wote ni wapangaji na sisi wenye nyumba tumeshakuwa wezi.

Nina nyumba tano Panzi. Bili inakuja kwa jina la marehemu baba yangu mpaka leo. Wakija kukata hawaulizi nani alilipa na nani hakulipa, wanapanda ngazi, wanakata kwenye nguzo, parseli nzima giza. Wa kwanza kugonga mlango wangu ni yule ambaye hakulipa. Mpangaji akihama usiku na kilo zake za deni, hilo deni linanifuata mimi. Nimewahi kukuta mtu amechomeka waya kabla ya mita ndogo, ameupitisha chini ya zulia, anapikia jiko la umeme maharage ya kuuza. Mita yake ilikuwa inasoma vizuri sana, kama ya mtawa.

Kwa hiyo mzee wa Muhungu akisema zigawanywe kwa sita, na yeye ni mmoja wa hao sita, anabeba fungu lake. Mnataka abebe zote 94 peke yake kwa sababu tu ukuta ni wake?

#14 MamaNeema_Kadutu
Papa Mwenye_Parseli, heshima yako, lakini mwenye mita mama ndiye mwenye ufunguo wa sanduku. Asiye na ufunguo ataiba kupitia wapi?

#15 Mwenye_Parseli
Chini ya zulia, mama. Nimeandika.

#16 Yaya_Katuba
Jambo yenu wa Kivu. Huku Lubumbashi sisi tunalipaka kwa vyumba. Mwenye vyumba viwili analipa mara mbili, hata kama ni bibi wa peke yake na mwenye chumba kimoja ana watoto saba wanaoangalia katuni kutwa. Kelele kubwa kwetu ni kisima. Mwenye nyumba amechimba, ameweka pampu, pampu inavuta umeme wa parseli, tunaulipia sisi. Halafu maji anauzia mtaa mzima, bido kwa bido, na sisi wa ndani tunanunua vilevile. Yaani mtu unalipia umeme wa kuvuta maji unayouziwa. Nilipomwambia, akanijibu eti bila kisima chake ningefuata maji mbali, nimshukuru.

#17 Nyawera_Kijana
Huyo wa #16 mpelekeni serikalini awe waziri wa fedha.

#18 Wakili_Mdogo
Kwa upande wa sheria, kwa kifupi. Upangaji wa nyumba za kuishi uko chini ya sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Garanti (amana ya mpangaji) ya nyumba ya kuishi haizidi miezi mitatu ya pango. Lakini mambo ya kilowati na mita ndogo ni mkataba wenu. Kama mkataba unasema "mpangaji analipa matumizi yake", basi matumizi yako ni kile mita yako ilichosoma, na anayedai zaidi alete ushahidi. Kama unasema "wapangaji wanagawana gharama za umeme", mzee ana pa kusimamia. Mmeandikiana nini?

Na msikimbilie mahakama ya amani kwa kilowati-saa 94. Anzeni kwa shefu wa mtaa, halafu ofisi ya Habitat (ya mambo ya nyumba) kwenye komini.

#19 Mpangaji_Muhungu
Mkataba ni ukurasa mmoja. Umeandikwa "umeme na maji: kama kawaida".

#20 Kashindi_Essence
Kama kawaida!!! Nimeanguka kitini.

#21 GomaLava
Wakili, umesema garanti miezi mitatu? Mimi nilidaiwa sita, nikabembeleza mpaka mitano, nikaonekana mjanja. Na zile dola alizigeuza moja moja kwenye jua, noti yenye alama ndogo ya kalamu akairudisha. Nikija kuhama utashangaa, atanirudishia faranga tena kwa kiwango chake cha kubadilisha.

#22 Wakili_Mdogo
Mitatu. Ukilipa mitano, shika risiti.

#23 GomaLava
Risiti gani, alisema yeye ni mtu wa Mungu.

#24 Mzee_Bagira
Vijana, tatizo lenu liko mtoni. Tuna mabwawa mawili ya Ruzizi hapa mlangoni, nchi tatu zinagawana yote, na sisi wenye mto tunabaki na mabaki. Umeme ukiwa mchache kila mtu anamwibia jirani.

#25 Mukubwa_Hesabu
Mzee shikamoo, lakini si yote. Ruzizi ya kwanza, ile ya tangu enzi za Wabeljiji, ni ya SNEL, shirika letu la umeme. Ya pili, iliyoanza 1989, ndiyo ya SINELAC, tuko na Rwanda na Burundi.

#26 Mzee_Bagira
Marahaba. Ya kwanza ni yetu na tunaijaza chupa za plastiki kutoka ziwani mpaka mashine zinakabwa. Hiyo nayo muigawe kwa sita.

#27 FundiWaya
Turudi. Ndugu Muhungu, fanya jaribio moja, halina gharama. Mwombe mzee afungue sanduku umeme ukiwepo, mchana, taa ya geti ikiwa imezimwa. Nyumba zote sita zizime swichi kuu. Angalia mita mama, ina kitaa chekundu kinachopepesa. Karibu nacho pameandikwa namba, nyingi ni 1600 imp/kWh, maana yake mipepeso 1600 ni kilowati-saa moja. Kisipopepesa kabisa, hakuna kinachovutwa. Kikipepesa, hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Kila sekunde 10 ni wati 225. Kila sekunde 20 ni nusu yake.

Na ukiwa hapo andika namba iliyo kwenye kioo. Hiyo 412 umeiona kwenye mita au kwenye karatasi?

#28 Mpangaji_Muhungu
Kwenye karatasi. Sanduku sijawahi kuliona wazi.

#29 MamaNeema_Kadutu
Si nilisema ufunguo.

#30 Mpangaji_Muhungu
Nimerudi. Mzee alikuwa misani, kijana wake ndiye aliyetufungulia, jana Jumapili, mzee hakupenda alipojua. Mita imeandikwa 1600. Tumezima nyumba zote sita, nimepita mlango kwa mlango. Kitaa kinapepesa kila baada ya kama sekunde 20. Si mara moja, tumekaa pale tukihesabu mpaka majirani wa ng'ambo ya ukuta wakadhani tunaomba.

La pili, na hili ndilo limenichanganya. Karatasi ya Jumanne inasema namba mpya ni 8940. Kioo cha mita jana, siku tano baadaye, kinasema 8911.

#31 Nyawera_Kijana
Ati mita imerudi nyuma?

#32 Mukubwa_Hesabu
Haijarudi nyuma, hakuna aliyekuja kuisoma. Ni bili ya kukadiria, mtu amekaa ofisini akaandika. Ona: tayari karatasi imezidi kwa 29. Ongeza mlichokula siku hizo tano, parseli yenu inakula kama 11 au 13 kwa siku, unapata 55 mpaka 65 nyingine. Jumla 84 mpaka 94. Ndugu yangu, hizo 94 hazijaibwa na mtu, hazijawahi kuzaliwa!

#33 Kashindi_Essence
Na kitaa kinachopepesa nyumba zote zikiwa zimezimwa, nacho hakijazaliwa?

#34 FundiWaya
Kashindi leo umesema. Kila sekunde 20 ni wati 112. Kwa masaa 360 ni kilowati-saa 40 kwa mwezi. Kuna kitu kinakula, na hicho hakihusiani na karatasi.

#35 Mukubwa_Hesabu
Basi 40 za kitaa na 54 za karatasi. Imekwisha.

#36 Wakili_Mdogo
Haijaisha. Bili ya mwezi uliotangulia ilisomwa au ilikadiriwa? Kama ile ilikadiriwa chini, hii ya sasa imefidia, na hesabu yako ya 54 inaanguka. Linganisha karatasi mbili za nyuma na madaftari yenu ya mita ndogo.

#37 Mpangaji_Muhungu
Karatasi za nyuma ziko kwa mzee. Anasema zimeliwa na panya.

#38 Mwenye_Parseli
Panya wapo Bukavu, msicheke. Mimi nina swali kwa Fundi: swichi kuu walizozima ziko kabla ya mita ndogo au baada yake?

#39 Mpangaji_Muhungu
Baada. 

#40 Mwenye_Parseli
Basi jaribio halimalizi kitu. Aliyechomeka kabla ya mita ndogo hazimwi na swichi yake. Zulia, ndugu zangu, zulia.

#41 FundiWaya
Mwenye_Parseli ana haki hapo. Inaweza kuwa mtu kabla ya mita ndogo. Inaweza kuwa waya uliochubuka unaovuja kwenye ukuta wenye unyevu, nyumba za Muhungu zimeegemea mlima, kuta zinanyonya maji msimu wote wa mvua. Inaweza kuwa waya unaopita juu ya ukuta kwenda kwa mtu. Kinachofuata ni kufungua waya za nyumba moja moja pale kwenye sanduku na kuangalia kitaa kinanyamaza kwa nani. Hilo si la kufanya wewe, mwite fundi, na umeme ukatwe kwanza. Kwa jirani mmoja tulikuta ukuta wa choo ndio unaovuta, kila akigusa bomba anaruka, wakasema ni uchawi.

#42 Prof_wa_Mtaa
Bado nasema msiupuuze umeme wa kurudi.

#43 FundiWaya
Prof, upeleke kiwandani.

#44 Mpangaji_Muhungu
Habari mpya: mzee ameweka kufuli la pili. Lakini amekubali kijana wake aende nami na picha ya kioo kule wanakolipia bili, wiki hii. Mimi nimemlipa 19 zangu na fungu la taa ya geti. Amepokea, ameandika "nusu" kwenye daftari. Pia amesema tukiendelea na fitina atang'oa mita ndogo turudi kwenye vichwa.

#45 Yaya_Katuba
Ang'oe nini, si mlinunua nyinyi? Mimi nikihama nabeba mita yangu, taa zangu, hata msumari wa kalenda.

#46 Mwenye_Parseli
Beba, ila uache waya kama ulivyoukuta, na lile tundu ukutani ulizibe.

#47 Yaya_Katuba
Tundu nitalikuta nilikoacha garanti yangu, papa.

#48 MamaNeema_Kadutu
Hebu tuambie Muhungu, majirani zako wanafanya kazi gani? Wati 112, mimi ninawaza balbu ya wati mia ya kutunza vifaranga. Dada yangu alikuwa nayo, haizimwi.

#49 Mpangaji_Muhungu
Hakuna kuku. Nyumba ya nne ni fundi cherehani.

#50 Kashindi_Essence
Ahaaa.

#51 Mpangaji_Muhungu
Cherehani ya miguu. Na pasi yake ni ya mkaa, naiona anaipepea nje kila asubuhi.

#52 GomaLava
Anaipepea nje ili mumuone. Na ya tano?

#53 Mpangaji_Muhungu
Ya tano ni mwalimu, yuko na mtoto mchanga. Ya sita imefungwa tangu mwenyewe aende Uvira.

#54 FundiWaya
Imefungwa, na mita yake imesoma ngapi mwezi huu?

#55 Mpangaji_Muhungu
Saba.